Chupa Mbili, Namba Moja

"Saini hapa, hapa, na hapa. Bado na hapa," mkuu wa maabara alisema, kidole kinarukaruka juu ya karatasi. "Ukimaliza, cheti chako hicho, Inspekta. Nenda kamfunge mtu wako."

Inspekta alishika kalamu. Akaiweka chini. Akaishika tena.

Kituoni kwao walimwita Kwanini. Si jina alilopewa na wazazi, ni la kupachikwa, kwa sababu tangu akiwa konstebo mchanga hakuwahi kupewa jibu akaondoka nalo hivihivi. Na asubuhi ile kucha zake za mikono yote miwili zilikuwa zimeliwa mpaka kwenye nyama. Dereva wake, konstebo waliyemwita Breki kwa sababu hakuwa mtu wa kuzitumia, alisimama mlangoni anamtazama mama wa watu anavyojitafuna, akajua kabisa: hapa hatutoki leo.

"Afande," alinong'ona Breki, "mahakama saa sita. Na foleni ya barabara ile unaijua."

"Naijua."

Kesi yenyewe ilionekana imeshaisha. Mzee mmoja, seremala mstaafu, alianguka nyumbani kwake, anatapika, povu linamtoka. Hospitali wakasema hiyo ni sumu. Jioni ile vitu viwili tu vilikuwa vimepita kinywani mwake. Cha kwanza, chai ya kwenye flaski aliyopikiwa na mkamwana wake, mjane wa mwanawe. Cha pili, dawa ya kikohozi, ambayo mpwa wake alikuwa anamnywesha kwa kijiko kila mchana na kila jioni, maana vumbi la mbao la miaka yote ile lilimwachia kifua kibovu. Inspekta alichukua vyote viwili, flaski na chupa ya dawa, akavileta hapa maabara siku ya kwanza kabisa ya kazi ya mwaka huu. Majibu yakatoka: chai ina sumu ya wadudu. Dawa ni safi.

Mkamwana akawekwa ndani. Mzee akapona, juzi akarudishwa nyumbani. Na chupa ya dawa je? Mpwa aliifuata kituoni mara tatu. "Inspekta, mjomba halali bila dawa yake, na mmeshaiona ni safi, nipeni basi." Inspekta akamwonea huruma. Asubuhi ileile, kabla ya kuja maabara, akasaini irudishwe. Kwa mkono wake mwenyewe.

Hicho ndicho kilichokuwa kinamaliza kucha.

"Kwa nini mkamwana hakuumwa?" aliuliza ghafla.

Mkuu wa maabara alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. "Nani?"

"Mtuhumiwa wangu. Alikunywa chai ileile. Kikombe kizima."

"Basi alitia sumu baada ya kunywa. Rahisi tu."

"Jirani ndiye aliyeshika flaski. Nimeongea naye jana. Alimmiminia mkamwana, akammiminia mzee, akajimiminia na yeye. Hapohapo, flaski haijatua mezani. Watu watatu wamekunywa, ameanguka mmoja. Kwa nini?"

"Inspekta," mkuu alivuta pumzi kama mtu anayeongea na mtoto, "mashine haina jirani wala mkamwana. Mashine imesema namba moja ina sumu, namba mbili ni safi. Mimi nasaini kilichosemwa na mashine."

"Naomba nizione hizo sampuli."

"Zipo kwenye friji, zimefungiwa, mpaka niandike..."

"Andika. Nasubiri."

Mlangoni Breki alitazama simu yake, akafumba macho.

Friji lenyewe lilikuwa kwenye chumba cha nyuma, chumba cha vigae vyeupe, kina baridi utadhani wanahifadhi samaki. Mkuu alitoa trei ya vichupa vya kioo, kila kimoja kinene kama kidole gumba. Utaratibu wa maabara ile ulikuwa hivi: kitu kikiletwa, watu wa mapokezi wanachota kidogo, wanatia kwenye kichupa, wanabandika lebo yenye namba. Mpimaji kule ndani anapewa kichupa na namba, basi. Haambiwi kama ni chai, damu au manukato. Maelezo yote yanabaki kwenye kompyuta, nyuma ya namba ile.

"Ili asipendelee upande," mkuu alisema, kifua mbele.

"Kwa hiyo hata akipewa soda akaambiwa ni namba tano..."

"Anapima, anaandika namba tano. Ndiyo uzuri wake huo."

Inspekta akachukua namba moja kwa mkono wa kulia na namba mbili kwa mkono wa kushoto. Zote kahawia. Ukiziangalia hivihivi, mapacha. Akavilaza vichupa vyote viwili pamoja, taratibu, chini ya taa.

Namba mbili ilikimbia kama maji.

Namba moja haikukimbia. Ilitambaa. Ilijivuta ukutani mwa kioo, nzito, inaacha utando nyuma yake, kama asali ambayo haitaki kuondoka.

"Namba moja kwenye kompyuta yenu ni nini?" Sauti ya Inspekta ilikuwa imeshuka.

"Chai."

"Na mbili?"

"Dawa ya kikohozi."

"Mkuu. Umewahi kuona dawa ya kikohozi inakimbia hivi?"

Mkuu aliinama. Akavaa miwani vizuri. Akavua. "Labda... baridi ya friji hii."

"Baridi inagandisha chai, inaiacha dawa?"

"Afande," Breki alichungulia, "chai ya kule kituoni nayo ni nzito, lakini si kwa kiwango hicho."

Hakuna aliyecheka. Inspekta alipiga hesabu. Kama vimebadilishana, basi chai ndiyo safi, na sumu iko kwenye dawa. Na dawa iko wapi? Dawa iko nyumbani kwa mzee, kwa saini yake.

"Nani aliziingiza hizi kwenye kompyuta?" alifoka. "Niitie sasa hivi!"

Walikuja wawili. Mbele msichana waliyemwita Chapchap, kucha ndefu nyekundu, bado anatafuna bigijii. Nyuma yake kijana waliyemwita Tai, kwa sababu alivaa tai kila siku, hata siku umeme ukikatika na feni zikilala. Leo tai ilikuwa imelegezwa, na juu ya mdomo kulikuwa na kijasho chembamba.

Kijasho kwenye chumba cha baridi kama kile! Inspekta akamrukia hapohapo.

"Wewe ndiye uliyeingiza namba mbili?"

"Ndiyo, mama."

"Unamjua mpwa wa mzee?"

"Mpwa wa nani?"

"Usinizungushe. Alikupa nini ubadilishe?"

"Mimi? Mama, sijapewa hata pipi!"

"Mbona unatoka jasho?"

"Mimi natoka jasho tu, mama, ndivyo nilivyo..."

"Huyu ahongwe?" Chapchap aliingilia, mikono kiunoni. "Huyu Tai? Afande, huyu hata kumdanganya mama mwenye nyumba kwamba hayupo anashindwa. Anajibu akiwa ndani: sipo!"

"Nyamaza wewe," Tai alisema, karibu kulia.

Inspekta alimkazia macho. Mwongo wa kununuliwa huwa ana hadithi tayari, imenyooka, haina makunyanzi. Huyu hakuwa na hadithi yoyote. Alikuwa na aibu tu. Na macho yake yalikuwa yanarudi palepale, kwenye kichupa namba mbili. Yanaenda, yanarudi.

Akakishika tena. Akapitisha kidole juu ya lebo. Ilikuwa nene. Akapitisha kidole juu ya lebo ya namba moja. Nyembamba.

Akajaribu kuibandua ile nene. Akakwama. Kucha zote alikuwa ameshazila.

"Dada, nikopeshe kucha."

Chapchap akaingiza ukucha mmoja mwekundu pembeni ya lebo, akaivuta polepole, ulimi nje. Karatasi ya juu ikang'oka. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine. Na kwenye karatasi ile, wino mweusi, hauna shaka:

0001.

Bigijii ya Chapchap ilisimama mdomoni.

"Vichupa viwili," Inspekta alisema. "Vyote namba moja. Kwa nini?"

"Haiwezekani!" Mkuu alipaza sauti. "Mfumo wetu haurudii namba. Kila mwaka unaanza upya, moja, mbili, tatu. Unatafuta namba kubwa kuliko zote ya mwaka huu, unaongeza moja. Kama hakuna kitu, ndiyo unaanza na moja. Nimesimamia mwenyewe ukitengenezwa!"

"Unaitafuta wakati gani?"

"Wakati gani vipi?"

"Unapofungua fomu mpya, au unapobonyeza kuhifadhi?"

"Hilo sikuwahi kuliuliza," mkuu alisema. 

"Twendeni mapokezi," Inspekta alisema. "Haraka."

Mapokezi kulikuwa na kaunta ndefu, kompyuta mbili, kila moja kona yake, printa ya lebo katikati. Akamkalisha Chapchap huku, Tai kule. "Nikisema sasa, kila mtu afungue fomu mpya. Msihifadhi chochote. Tayari? Sasa!"

Vidole viwili vikagonga pamoja.

"Soma," alimwambia Chapchap.

"Arobaini na saba."

"Na wewe."

Tai hakuhitaji kusoma. Alikuwa ameshaweka paji la uso kwenye kaunta. Mkuu alikwenda mwenyewe akatazama kioo kile, akarudi akatazama hiki, akarudi kule tena. Arobaini na saba. Arobaini na saba.

"Hajahifadhi hata mmoja," Inspekta alisema, "kwa hiyo kwa kompyuta, kubwa bado ni arobaini na sita. Wote wanapewa inayofuata. Sasa niambie, kijana. Siku ile ilikuwaje?"

Hadithi ikamtoka Tai kama bomba lililopasuka. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kazi, pale mapokezi kulikuwa na mashindano. Atakayeingiza namba moja ya mwaka ananunuliwa chakula cha mchana na wenzake wote, halafu anaitwa Mwenye Mwaka mpaka Desemba iishe. Watu wanafika mapema, wanapasha vidole, vidole viko juu ya kitufe. Mwaka huu mteja wa kwanza alikuwa polisi, na alileta vitu viwili. Chapchap akanyakua flaski. Tai akanyakua chupa. Wakafungua fomu kwa mkupuo mmoja.

"Lebo zikatoka," Tai alisema kwenye kaunta. "Yake namba moja. Yangu namba moja. Ila yeye ndiye aliyekuwa amehifadhi kwanza, watu wakaanza kumpigia makofi. Mimi nikaona, nikisema hapa, bosi atajua tunafanya michezo kazini, tutafukuzwa wote wawili. Nikafungua rekodi yangu, nikaibadilisha kuwa mbili. Nikachapa lebo nyingine, nikaibandika juu ya ile ya zamani. Nikajua yamekwisha."

"Uliibandika kwenye kichupa kipi?"

"Changu."

"Ulijuaje ni chako?"

Tai aliinua uso. Ndipo alipoliona, saa ileile, mbele ya watu wote. 

"Vilikuwa kwenye trei..."

"Vyote viwili kahawia."

"Vyote kahawia, mama."

"Vyote vina namba moja."

 Chapchap alimwangalia, hana tena utani. "Tai," alisema polepole, "si ungeniambia? Ningekuachia hicho chakula."

Inspekta alikuwa ameshatoa simu. Kwanza kituoni: "Yule mama asipandishwe garini. Ndiyo, mkamwana. Kwa sababu nimesema! Mpeni maji, mpeni kiti." Akakata. Halafu akatafuta namba ya mzee. Kidole kinapita jina, kinarudi.

Ikaita. Ikaita. Ikakatika.

"Anakunywa saa ngapi?" Breki aliuliza. Hakuwa na masihara tena.

"Mchana." Akatazama dirishani. Jua lilikuwa juu ya paa. "Sasa."

Akapiga tena. Ikaita mpaka akaona imeshindikana. Halafu ikapokelewa.

"Shikamoo, Inspekta."

Mpwa. Sauti laini, yenye adabu zote. Nyuma yake mzee anakohoa, na kitu kidogo cha chuma kinagonga sahani.

Inspekta alifunga macho. Angesema, usimpe dawa, huyu angejua. Angemwaga kila kitu chooni, angetoka kwa mlango wa uani. Au mbaya zaidi, angemaliza kazi kabla gari halijafika. Sekunde moja tu ya kufikiri, na watu wanne wamemkodolea macho.

"Marahaba," alisema, na sauti yake ilitoka kama ya karani aliyechoka. "Mzee yupo?"

"Yupo, ndiyo namhudumia hapa. Anataka kunywa dawa yake."

"Subiri kwanza. Nina shida, na nakuomba unisaidie. Wakili wa yule mwanamke ameleta balaa. Anasema mzee hakuwa na sumu yoyote mwilini, ni mafua tu. Tusipopima damu ya mzee leo hii, wanamwachia."

"Wanamwachia?"

"Wanamwachia, anarudi nyumbani kwenu, chumba chake kilekile. Nakuja na mtu wa kuchukua damu. Ila damu inatakiwa iwe safi. Asile, asinywe. Hata maji. Akinywa kitu chochote, kipimo kinaharibika, mwanamke yuko nje."

"Hata dawa?"

"Hata dawa. Akilamba kijiko tu, tumekwisha."

  Kikohozi cha mzee kilisikika, kavu, kinaomba. Inspekta alijikuta ameuma kidole gumba, maana ukucha haukuwepo.

"Sawa, Inspekta," mpwa alisema mwisho. "Sheria ni sheria. Ngoja nikiweke pembeni. Hatagusa kitu."

Simu ikakatika. Inspekta akachukua vichupa viwili, akavifunga kwenye mfuko wa ushahidi, akageuka.

"Breki. Ile tabia yako ya barabarani ninayokukemea kila siku."

"Ndiyo, afande?"

"Leo ruksa."

Walivyofika nyumbani kwa seremala, tairi zilikuwa zinanuka. Nyumba nzuri, milango ya mbao ngumu aliyoichonga mzee mwenyewe, nyumba ambayo siku mzee akifumba macho, na mkamwana akiwa jela, ingebaki na mtu mmoja tu wa kuirithi. Mtu huyo ndiye aliyewafungulia mlango. Shati limepigwa pasi, tabasamu limepigwa pasi.

"Karibuni. Daktari wa damu yuko wapi?"

"Anapaki," Inspekta alisema, akampita.

Mzee alikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni, amenuna kama mtoto aliyenyimwa uji. "Wewe mama ndiye umeninyima dawa? Kifua kinaniwaka hapa!"

"Nisamehe, mzee wangu. Umekunywa hata kidogo?"

"Nitakunywa vipi, na huyu amekaa kama mlinzi wa benki!"

"Nimemzuia, Inspekta," mpwa alisema, karibu kwa fahari. "Kama ulivyoagiza. Hata tone."

Kwenye meza ndogo kulikuwa na sahani. Juu ya sahani, kijiko. Kimejaa mpaka ukingoni, kahawia, kizito, hakitikisiki. Pembeni yake chupa, kizibo wazi.

 Inspekta akashika ubao wa kitanda, akajifanya anatengeneza shuka. Nyuma yao Breki aliingia, akafunga mlango, akaegemea.

"Umefanya vizuri sana," Inspekta alisema. Akakinyanyua kijiko kwa mikono miwili, taratibu, kisimwagike, akamsogezea mpwa mpaka karibu na kidevu. "Sasa hiki kimeshamiminwa, hakiwezi kurudi chupani. Na wewe tangu asubuhi nakusikia koo linakukwaruza. Kinywe, kisipotee."

Mpwa alikitazama kijiko. Tabasamu likabaki pale lilipokuwa, ila macho hayakuwa nalo tena.

"Mimi... sina kikohozi, Inspekta."

"Haina neno. Si ni safi? Maabara wamesema."

Hakusogea. Akatazama mlango, akamkuta Breki. Akatazama dirisha.

"Kunywa tu, mpwa wangu," mzee alisema kutoka kwenye mito yake, kwa upole wote wa dunia. "Tamu hiyo. Haichomi hata kidogo."